Kujinyanyapaa: Ugonjwa wa pili unaotibiwa kwa mazungumzo Kakamega

MTU anayepatikana na virusi vya Ukimwi nchini Kenya siku hizi anaweza kuanza dawa siku hiyo hiyo. Akizimeza ipasavyo ataishi miaka mingi, atafanya kazi na kuzaa watoto wasio na virusi. Hata hivyo, wapo wanaopewa dawa hizo na kuziacha chini ya godoro. Hawaziachi kwa kuwa zinawadhuru, bali kwa kuwa kila kidonge huwakumbusha jambo ambalo hawajakubali kuwa ni lao.

Hali hiyo huitwa kujinyanyapaa. Unyanyapaa unaofahamika na wengi hutoka nje: jirani anayetenga kikombe, mwajiri anayemfuta mtu kazi, jamaa wanaonong'onezana matangani. Kujinyanyapaa hutoka ndani. Mhusika huwa amekwisha kujihukumu kwa kutumia sheria ile ile ya jirani, kisha huitekeleza hukumu hiyo mwenyewe. Hujitenga kabla ya kutengwa. Huacha kutafuta kazi kabla ya kunyimwa, na huacha kwenda kanisani au msikitini kabla ya mtu yeyote kumtazama kwa jicho baya.

Hakuna kidonge cha kutibu hali hii. Tiba iliyopo ni ushauri nasaha, na katika Kaunti ya Kakamega, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, tiba hiyo hutolewa zaidi na watu wanaoishi na virusi wenyewe kuliko na madaktari.

Mbegu ya hofu

Ili kufahamu ni kwa nini mtu ajichukie kwa sababu ya ugonjwa, yafaa kukumbuka jinsi ugonjwa wenyewe ulivyotangazwa. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi iliyofuata hapakuwa na dawa, na silaha pekee ya serikali na makanisa ilikuwa ni kutia watu hofu. Mabango yalionyesha fuvu la kichwa na watu waliokonda wakabaki mifupa. Mahubiri yaliuhusisha ugonjwa na uasherati, na katika nchi jirani ya Uganda ukapewa jina la silimu, yaani ugonjwa wa kukondesha. Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba Ukimwi ni kifo, na kwamba ni kifo cha mwenye makosa.

Mafunzo hayo hayakufutika dawa zilipofika. Mwanamke aliyekuwa na miaka 12 wakati mabango yale yalipobandikwa ukutani mwa shule yake huenda ndiye anayepewa majibu leo, na picha inayomjia kichwani ni ile ya fuvu, si ya kidonge kimoja kwa siku.

Walijitokeza watu waliojaribu kuivunja picha hiyo mapema. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake mwaka 1987, mwaka ambao mumewe alifariki kutokana na Ukimwi. Shirika hilo ndilo lililoeneza katika eneo hili wazo la kuishi kwa matumaini, na likaufanya ushauri kuwa kazi rasmi. Mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hali yake hadharani mwaka 1989, akafariki mwezi Desemba mwaka huo. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana alifanya hivyo mwaka 1992. Nchini Kenya, Joe Muriuki anatajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kujitangaza, naye Asunta Wagura, aliyepatikana na virusi mwaka 1988 akisomea uuguzi, alikuja kuliongoza shirika la wanawake la KENWA na kuwaandikia wasomaji wa gazeti la Daily Nation shajara ya maisha yake kwa miaka mingi.

Ushauri wa kitaalamu ulienea Kenya kuanzia mwaka 2001, vituo vya kupimwa kwa hiari vilipofunguliwa. Ushauri huo, lakini, ulikuwa wa kupimwa: kumwandaa mtu kupokea majibu, kisha kumpa majibu. Yaliyompata mtu huyo miezi sita baadaye, usiku, akiwa peke yake, hayakuwa katika ratiba ya kituo.

Upweke wa Kakamega

Kakamega ina sura yake katika jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Katika Kaunti ya Siaya, inayopakana na Kakamega, kiwango kilizidi asilimia 15. Kakamega haikukikaribia kiwango hicho, na kwa afya ya umma hiyo ni habari njema.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, habari hiyo ina upande wa pili. Mahali ambapo karibu kila boma limeguswa na virusi, mtu hupata mwenzake upesi. Mahali ambapo wachache ndio walioguswa, na hao wachache wanajificha, mtu anaweza kuamini kwamba kijiji kizima ni yeye peke yake. Imani hiyo huwa si kweli, lakini hakuna anayejitokeza kuipinga.

Isitoshe, Kakamega ni mojawapo ya kaunti zenye watu wengi waliosongamana mashambani. Mashamba ni madogo, vijia ni vile vile, na karani wa zahanati anaweza kuwa shemeji wa mtu. Ndiyo maana mgonjwa wa Malava huipita zahanati iliyo karibu naye na kupanda matatu hadi Hospitali Kuu ya Kaunti mjini Kakamega, huku wa mjini naye akisafiri hadi Webuye au Kisumu. Nauli inapokosekana, siku ya kuchukua dawa hupita. Katika kitabu cha kliniki huyo huandikwa kuwa amekosa kufika. Sababu halisi, ambayo ni aibu, haina safu yake kitabuni.

Mazishi nayo huchangia. Katika jamii za Waluhya matanga huwakusanya watu kwa siku nyingi, na habari za marehemu husomwa mbele ya umati. Wengi waliokufa kwa Ukimwi walisemwa kuwa wamefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, au muda mfupi, na umati ukaelewa. Mtu anayeishi na virusi aliyeketi katika umati huo husikia jinsi yeye mwenyewe atakavyozungumziwa.

Dalili zake

Wataalamu wana vipimo vya kutambua hali hii. Kimojawapo kilichapishwa mwaka 2009 na mtafiti Seth Kalichman na wenzake baada ya kujaribiwa Cape Town, nchini Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, na Atlanta. Kina kauli sita tu. Mgonjwa husema iwapo anajiona mchafu, iwapo ana hatia, iwapo anaona haya, iwapo wakati mwingine anajiona hana thamani, iwapo huficha hali yake, na iwapo ni vigumu kwake kuwaambia wengine.

Mshauri mwenye uzoefu huona mengine kabla ya kuuliza. Chupa ya dawa imebanduliwa karatasi yenye maandishi. Vidonge vimehamishiwa katika nailoni ili visilie vikitikiswa mkobani. Mgonjwa hufika alfajiri kabla ya foleni kuanza au jioni wakati wa kufunga, na akikutana na mtu anayemjua husema amekuja kupimwa presha. Mwingine hakosi dawa hata siku moja, hesabu ya vidonge iko sawa, virusi vimedhibitiwa, na bado miaka minane imepita bila kumkubali mchumba wala kumgusa mtoto wa dada yake. Huyu wa mwisho husahaulika mara nyingi, kwa sababu takwimu za kliniki humhesabu kuwa amefaulu.

Ushauri unavyofanyika

Ushauri wa aina hii si mahubiri, wala si kumpa mtu moyo kwa maneno matamu. Anayeambiwa "usijali, utakuwa sawa" hurudi nyumbani na mzigo ule ule, na sasa anaona kwamba hata mshauri hakuuona.

Hatua ya kwanza huwa ni kusikiliza, na katika Kakamega hilo lina suala la lugha. Mgonjwa akijibu kwa Kiswahili au Kiingereza cha kliniki, hutaja idadi ya vidonge. Yale yanayomchoma aliambiwa kwa Kiidakho, Kiisukha, Kiwanga, Kikabras au Kitsotso, na mara nyingi hayatoki isipokuwa kwa lugha hiyo. Mshauri anayejua lugha ya mgonjwa hufika haraka zaidi, ila pia ndiye anayeogopwa zaidi, kwani huenda wanatoka eneo moja. Kwa hiyo suala la siri hulazimika kuzungumzwa waziwazi katika kikao cha kwanza, tena kwa undani: nani atasoma faili, nani hataisoma, na mshauri atafanya nini wakikutana sokoni. Wengi huafikiana kwamba mshauri asimsalimu mgonjwa kwanza.

Kisha huja kazi yenyewe, ambayo ni kuitenganisha fikra na ukweli. Mgonjwa akisema, "Nilistahili haya," mshauri hamwambii kwamba amekosea. Humuuliza, "Mama, maneno hayo uliyasikia kwa nani mara ya kwanza?" Hapo hukumbukwa mhubiri fulani, bango la shule, au kauli ya mama mkwe siku ya mazishi ya mume. Fikra iliyokuwa ikionekana kuwa sauti ya dhamiri hugunduliwa kuwa ni sauti ya mtu mwingine. Swali linalofuata huwa gumu zaidi: "Angekuwa dada yako mdogo ndiye anayeumwa, ungemwambia hivyo?" Wengi husita hapo.

Fikra nyingine, ile ya mtu kujiona kuwa ni sumu kwa wenzake, ina jibu la kisayansi ambalo halikuwepo wakati wa mabango. Utafiti wa HPTN 052, uliokuwa na kituo Kisumu miongoni mwa vituo vyake, ulithibitisha mwaka 2011 kwamba dawa huzuia maambukizi kati ya wapenzi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza bayana kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwa vipimo, na anayeendelea kumeza dawa, hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Habari hiyo ina uzito mkubwa kuliko saa nyingi za faraja. Ajabu ni kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa kwa miaka kumi hawajawahi kuambiwa hivyo na mhudumu yeyote, labda kwa hofu kwamba wataitumia vibaya.

Baada ya hapo ushauri huingia katika vitendo vidogo. Kuiacha chupa mezani ndani ya chumba cha kulala kwa wiki moja. Kurudi katika kwaya. Kumchagua mtu mmoja wa kumweleza siri, na kuyafanyia mazoezi mazungumzo hayo kliniki, mshauri akijifanya kuwa kaka au mume. Uamuzi wa kusema ni wa mgonjwa, na mshauri mwema huweza hata kumzuia pale ambapo kuna dalili kwamba mume atampiga au kumfukuza mkewe. Yapo makosa yaliyofanywa miaka iliyopita ambapo kila mgonjwa alihimizwa kujitangaza kana kwamba kujitangaza ndiko kupona. Kuna waliopona kwa njia hiyo na kuna waliopoteza nyumba.

Ni vikao vingapi vinavyohitajika? Mwongozo wa kitaifa unaagiza kwamba mgonjwa ambaye virusi vyake havijadhibitiwa apewe angalau vikao vitatu vya ushauri wa kuzingatia dawa kabla ya kupimwa tena. Vikao hivyo huchunguza ni kwa nini dawa zinakosekana, na mshauri makini huvitumia kuuliza kuhusu aibu. Lakini aibu iliyojengwa kwa miaka 20 haiondoki kwa vikao vitatu.

Nguvu ya kikundi

Mazungumzo ya watu wawili yana mpaka wake. Mshauri anaweza kumwambia mgonjwa kwamba wengine wapo; kikundi humwonyesha. Mwalimu, mwendesha bodaboda, mkulima wa miwa na mjane huketi katika duara moja, na yule aliyedhani ni peke yake humwona shemasi wa kanisa la jirani akiwa na chupa ile ile.

Ushahidi wa nguvu ya vikundi umetoka karibu. Kaskazini mwa Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwafunza wahudumu wa kawaida wasio madaktari kuongoza vikundi vya watu wenye virusi waliokumbwa na sonona. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha vituo vya afya 30 na watu 1,140. Baada ya miezi sita, chini ya asilimia 1 ya waliokuwa katika vikundi hivyo ndio waliobaki na sonona kali, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopewa elimu ya afya pekee. Sonona na kujinyanyapaa si kitu kimoja, ingawa huandamana. Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba vikundi vile vilifundisha pia njia za kujipatia riziki. Mtu anayechangia chama na kukopeshwa na wenzake huwa amekwisha kuthibitishiwa kwamba anaaminika.

Kakamega si ngeni kwa mpango kama huo, kwani vyama vya kuweka akiba vimejaa kila kata. Tatizo ni wanaume. Wao ndio huchelewa kupimwa, ndio hukosa vikao, na kikundi kinachokutana saa nne asubuhi siku ya kazi humfaa mwanamume mmoja kati ya wengi. Kliniki zilizopata wanaume ni zile zilizokubali kukutana jioni au Jumamosi.

Watoto wa bweni

Kundi linalohitaji uangalifu zaidi ni vijana waliozaliwa na virusi. Hawa hawakufanya lolote, nao bado huona aibu, jambo linaloonyesha kwamba aibu hii haifuati mantiki ya makosa. Wengi walimeza dawa kwa miaka wakiambiwa ni za kifua au za damu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aelezwe hali yake, kidogo kidogo kadiri ya uelewa wake. Wazazi huchelewesha, hasa mama anayeogopa swali litakalofuata: umeipata wapi wewe?

Kisha huja kidato cha kwanza. Kakamega inasifika kwa shule za bweni, na bwenini hakuna faragha. Sanduku hufunguliwa wakati wa ukaguzi, na kengele ya usiku hulia wote wakiwa pamoja. Mwanafunzi aliyekuwa akimeza dawa nyumbani bila shida anaweza kuziacha muhula mzima. Ushauri unaofaa hapa huanza kabla ya shule kufunguliwa: ni mwalimu au muuguzi gani atakayejulishwa, dawa zitawekwa wapi, na mwanafunzi atajibu nini akiulizwa. Mpango wa kitaifa wa vijana unaojulikana kama OTZ, ulioanza mwaka 2016, umewakutanisha vijana wa aina hii wakati wa likizo, nao husikilizana kuliko wanavyomsikiliza mtu mzima yeyote.

Sheria na mabadiliko

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inataka ushauri utolewe kabla na baada ya kupimwa, inakataza kupimwa kwa lazima, na inalinda siri ya mgonjwa. Iliunda pia baraza maalumu la kusikiliza malalamishi. Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya. Haki hizi, hata hivyo, huhitaji mtu wa kuzidai, na anayejinyanyapaa ndiye wa mwisho kwenda kulalamika, kwa kuwa ndani ya nafsi yake anakubaliana na aliyemdhulumu. Vivyo hivyo kwa wale wanaohimizwa na wahubiri waache dawa kwa kuwa wameombewa: huwa ni rahisi kumshawishi mtu anayetamani sana kwamba jambo hili lisiwe lake.

Uhaba mkubwa zaidi ni wa watu wa kuifanya kazi hii. Kwa miaka mingi washauri wa rika na akina mama wanaowasaidia wenzao wajawazito walilipwa marupurupu kupitia miradi iliyofadhiliwa na Marekani. Mwezi Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi wao kote nchini walisimamishwa kazi ghafla. Dawa zinaweza kuagizwa upya. Mshauri ambaye mgonjwa alichukua miaka miwili kumwamini haagizwi.

Mwaka huo huo Wizara ya Afya ilianza kuhimiza kwamba kliniki maalumu za virusi, zinazojulikana kwa herufi CCC, ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa wapo wanaoona hilo kuwa ni nafuu: hakutakuwa tena na mlango ambao kila anayeingia hutambulika, na mwenye virusi ataketi benchi moja na mwenye kisukari. Wengine, hasa waliozoea kliniki zao, huona kwamba wanapoteza mahali pekee ambapo hawakuhitaji kudanganya. Wote wana hoja. Benchi la pamoja linaweza kuondoa alama ya nje, iwapo mwishoni mwa benchi hilo kutakuwa na chumba chenye mlango unaofungika, viti viwili, na mtu mwenye muda wa kusikiliza kwa nusu saa.